Kufundisha Amani kwa Vijana wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Mwalimu akiagizwa afundishe amani, aghalabu hukimbilia wimbo na hotuba. Wimbo huimbwa mstarini asubuhi, hotuba hutolewa na mgeni siku ya sherehe, na mtihani humtaka mwanafunzi ataje faida tano za amani. Mwanafunzi huzitaja zote tano, hupata alama zake, kisha jioni ileile humpiga mwenzake kwa sababu ya mpira uliotoka au haukutoka. Sisemi kwamba wimbo ni mbaya. Nasema kwamba kuisifu amani si kuifundisha, kama vile kuusifu ugali si kuupika. Katika makala hii nakusudia kuwaeleza walimu wenzangu, hasa wale watakaopangiwa kazi katika wilaya za Mbinga na Nyasa, kwamba amani ni ufundi wa kushughulikia ugomvi kabla haujawa vita, na kwamba zana za kufundishia ufundi huo ziko papo hapo tulipo.

Jambo hili si la anasa. Kwa miaka mingi shule zetu zimewaambia watoto kwamba nchi yao ni kisiwa cha amani, kana kwamba amani ni mali ya asili kama mlima au ziwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na katika siku zilizofuata, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, watu waliuawa, mali iliteketezwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wapo wanaowalaumu vijana peke yao, na wapo wanaoilaumu serikali peke yake; jarida la mbinu za kufundishia si mahali pa kuamua kesi hiyo. Hata hivyo, swali la kiualimu haliepukiki. Kijana aliyekaa darasani miaka saba, na pengine kumi na mmoja, alifundishwa mara ngapi namna ya kutoa lalamiko lake mpaka likasikika? Na yule mwenye madaraka, aliyepita katika madarasa yaleyale, alifundishwa mara ngapi kulisikiliza lalamiko bila kuliona kuwa ni uasi? Nadhani jibu tunalijua.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umetupa nafasi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeviweka pamoja vitu viwili ambavyo zamani vilifundishwa mbalimbali, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana maadili yakikosa historia huwa mahubiri tu. Kinachobaki ni mwalimu kuitafuta historia iliyo karibu na mlango wa darasa lake.

Tuanze na milima. Kila mgeni anayefika Umatengo huonyeshwa ngoro. Hupiga picha, husifu mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, hueleza jinsi yanavyozuia mmomonyoko wa udongo, kisha huondoka. Ni wachache wanaouliza kwa nini watu wakalime mahali penye mwinuko mkali namna ile. Katika karne ya kumi na tisa Wangoni walifika kutoka kusini na kuanza kuwashambulia majirani zao, na Wamatengo wakajibana katika milima iliyokuwa vigumu kushambuliwa. Watu wengi katika eneo dogo lenye mteremko hawawezi kuhama-hama kutafuta shamba jipya. Walilazimika kubuni kilimo kinachotunza udongo uleule mwaka hadi mwaka. Kwa maelezo ya wengi walioichunguza historia ya eneo hili, ndivyo ngoro ilivyokua. Kwa hiyo shimo lile ambalo mwanafunzi huliruka kila siku aendapo shule lina kumbukumbu ya hofu ndani yake, pamoja na kumbukumbu ya akili.

Ngoro pia ni somo la ujirani. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake huyafunika kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kupokea maji ya mvua. Mwenye shamba la juu akiyaacha matuta yake yabomoke, maji hayamdhuru yeye peke yake; hushuka kwa jirani aliye chini. Mwalimu wa hisabati anaweza kupima mteremko huo, na mwalimu wa maarifa ya jamii anaweza kuuliza: wa chini afanye nini? Apande juu na panga? Anyamaze mpaka chuki imwive moyoni? Au yako mahali shauri lake linapoweza kupelekwa?

Zamani palikuwapo. Wamatengo walikuwa na sengu, yaani mkutano wa ukoo ambapo watu walikula pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba mbalimbali, na baada ya kula, au hata wakati wa kula, mambo ya ukoo yalizungumzwa: nani amesogeza mpaka, nani hasaidii kazi, kijana gani anahitaji kuonywa. Vijana walisikiliza, na kwa kusikiliza walijifunza jinsi maneno yanavyopangwa. Naiona hekima kubwa katika utaratibu huo wa kutanguliza chakula, kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu ambaye mkono wako na wake vimetoka sasa hivi katika chombo kimoja. Nguvu ya jina hilo haijaisha: katika kijiji cha Kindimba, watu walipounda kamati ya kusimamia shughuli zao za maendeleo miongo miwili na zaidi iliyopita, waliiita Sengu.

Lakini tusiipambe sengu kupita kiasi. Wanawake walikuwa wa kupika na kuleta chakula, na kauli ya mwisho ilikuwa ya wazee wa kiume. Mwalimu atakayeirudisha darasani ilivyokuwa atakuwa amewafundisha wasichana kunyamaza, na huo si mtaala wetu. Achukue mambo mawili tu, yaani duara na zamu.

Namna ninayoipendekeza ni hii. Wanafunzi wakae duara. Mwalimu atoe kesi iliyotungwa, isiyofanana na ugomvi wowote ulio hai kijijini. Jambo hili nalisisitiza, maana mtoto hana budi kulindwa asilazimishwe kuanika shauri la baba yake mbele ya watoto wa mdaiwa. Tuseme ni maji ya ngoro yaliyoharibu maharage ya jirani. Mlalamikaji aseme bila kukatizwa. Kisha mlalamikiwa, kabla ya kujitetea, ayarudie maneno ya mlalamikaji mpaka mlalamikaji mwenyewe akiri, “Ndivyo nilivyosema.” Hapo tu ndipo aruhusiwe kujibu. Nimelisimamia zoezi hili kwa wanachuo mara kadhaa, na kila mara lililowashinda si kujitetea bali kurudia. Hodari wa midahalo ndio waliohangaika zaidi, kwa kuwa walikuwa wakiandaa jibu wakati mwenzao angali akisema. Mwanachuo mmoja alirudia mara nne ndipo mwenzake akaridhika, na ilipofika zamu yake ya kujibu hakuwa na la kubishana.

Baada ya zoezi, darasa lipelekwe kuona jambo lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Je, kijana wa darasa la saba anayajua haya? Ardhi ya Umatengo imekuwa finyu, kahawa imeifunga sehemu yake, na vijana wengi hurithi kipande kilichokwisha kugawanywa mara tatu. Ugomvi wa mpaka wa shamba ndio utakaomkuta kwanza pindi amalizapo shule, mapema kuliko uchaguzi na mapema kuliko ugomvi wa mataifa. Mwenyekiti wa baraza akiombwa mapema, naamini hatakataa wanafunzi waketi nyuma wasikilize usuluhishi ambao wahusika wenyewe wameridhia usikilizwe.

Sasa tushuke ziwani. Lami imefika Mbamba Bay, na safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa fupi, lakini walimu wetu wengi bado hufundisha kana kwamba ziwa ni mwisho wa nchi. Kwa Mnyasa ziwa ni uwanja wa katikati. Ng’ambo kuna ndugu. Lugha inayosikika Likoma husikika pia katika vijiji vya mwambao wetu, na kwa miaka mingi wamisheni wa Kianglikana waliuhudumia mwambao huu kwa meli kutoka kisiwa hicho.

Liuli ina kisa ambacho sijui kwa nini hakimo katika kila darasa la mkoa huu. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Mwezi Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa pwani kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki na mnywaji mwenza wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen. Rhoades alipata habari kwamba vita vimetangazwa Ulaya. Berndt hakuwa nayo. Guendolen ikaja Liuli ikafyatua mzinga. Berndt akapanda mashua ndogo akamwendea rafiki yake kwa hasira, akimwuliza kama amelewa, na hapohapo akatekwa. Wanafunzi hucheka wanaposikia kisa hiki, na wacheke. Baadaye waulizwe: ugomvi huu ulianzia wapi? Nani aliwauliza watu wa Liuli? Vita vilivyofuata vilipita katika nchi yetu kwa miaka minne, vikawachukua watu kubeba mizigo ya majeshi na kuwamaliza kwa njaa na maradhi, na eneo la Songea lilikuwa bado halijapona majeraha ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kijana akilifahamu hili atakuwa mzito kidogo kumfuata mtu anayemwita vitani kwa habari iliyotoka mbali.

Na habari za mbali hazijaisha. Mwaka 2012, Malawi ilipokuwa imetoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani, mzozo wa mpaka uliamka upya, na maneno ya vita yakasikika redioni na vijiweni. Waliokuwa na mtumbwi majini usiku hawakuwa wasemaji wa redioni. Usuluhishi ulikabidhiwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, na hadi sasa shauri halijafikia mwisho. Hapo mwalimu ana somo lililokamilika. Darasa ligawanywe pande mbili, na wale wanaoiamini hoja ya Tanzania ndio waitetee Malawi. Watajifunza kwamba Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliouweka mpaka ufukweni, pamoja na azimio la nchi huru za Afrika la Cairo la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka ya kikoloni, azimio ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe aliliunga mkono. Watajifunza pia kwamba Tanzania inadai mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi katika maziwa mengi, na kwamba haiwezekani watu wakae ufukweni vizazi na vizazi kisha waambiwe kuwa wakichota maji wamevuka nchi. Kuna watakaosema kwamba kumpa mtoto hoja ya upande wa pili ni kumfundisha usaliti. Mimi naona kinyume chake: asiyeijua hoja ya jirani hawezi hata kuitetea ya kwake vizuri.

Kuhusu vijana walio nje ya shule nitasema machache, ingawa ndio wengi. Usiwaite semina darasani. Mvuvi wa usipa hufanya kazi usiku kwa taa, na alasiri huketi mchangani akishona nyavu. Huko ndiko kwa kumfuata, kwa idhini ya kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha ufuko huo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo huwa huru. Waendesha bodaboda wana kijiwe chao na viongozi wao, na wachimbaji wa makaa ya mawe wana zamu zao. Wanachuo wetu walio katika mazoezi ya kufundisha wangeweza kutumia alasiri moja kwa juma katika mahali pa namna hiyo, na kazi hiyo iandikwe katika azimio la kazi na kupimwa kama somo lingine lolote.

Mwanachuo mmoja aliniuliza atajibu nini, baada ya mjadala wa ziwa, mtoto akinyoosha mkono na kusema, “Basi mwalimu, mpaka uko wapi?” Nilimwambia atundike ramani mbili ukutani, moja iliyochapwa Tanzania na nyingine iliyochapwa Malawi, awaonyeshe mstari ulipo katika kila moja, awaeleze nchi yetu inasema nini na kwa sababu gani, kisha awape kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize mvuvi mmoja jinsi yeye na mvuvi wa ng’ambo wanavyosaidiana dhoruba inapowakuta usiku katikati ya maji.