Kompyuta Isijipigie Debe

Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha mradi wa SETI@home na kuwaomba watu wa kawaida kompyuta zao za nyumbani. Zikiwa hazina kazi, zingechambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kutafuta dalili za viumbe wenye akili huko angani. Walijitokeza mamilioni. Malipo hayakuwepo, ila jina kupanda kwenye orodha ya waliofanya kazi nyingi.

Orodha hiyo ikatosha kuleta udanganyifu. Wapo waliochezea programu ili wahesabiwe kazi wasiyoifanya.

BOINC, mfumo uliobuniwa hapohapo Berkeley kuhudumia miradi ya aina hii, ulitaka kutoa pointi kwa haki. Kila kompyuta ilijipima kwa majaribio mawili ya zamani: Whetstone la 1972, la hesabu za desimali, na Dhrystone la 1984, la namba kamili. Mashine yenye uwezo wa hesabu za desimali bilioni moja kwa sekunde, ikichapa kazi siku nzima, ilistahili pointi 200. Kwa maandishi, safi kabisa.

Lakini hapo anayepimwa ndiye aliyeshika mizani! Mwenye ujuzi kidogo aliweza kuibadilisha programu itaje kasi kubwa kuliko ya kweli. Hata kwa mwaminifu, kipimo chenyewe kina kasoro: majaribio haya ni madogo mno, yanaenea ndani ya kashe, kumbukumbu ndogo ya kichakataji, hivyo hayaonyeshi mashine inavyosuasua data ikizidi na kulazimika kufuatwa kwenye kumbukumbu kuu. Laptopu ikipimwa imepoa hutoa namba nzuri. Saa moja baadaye feni inavuma, kichakataji kimejipunguza kasi kisiungue, na mwenyewe kafungua video. Kwenye simu ndiyo usiseme. BOINC ya Android, iliyotoka 2013, kwa mipangilio yake ya kawaida husubiri simu iwe kwenye chaji na Wi-Fi. Simu ya bei mbaya inayochajiwa saa mbili kwa siku ina faida ya saa mbili tu.

Uongo wa kutaja kasi huenda pande zote. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha uchunguzi wao wa Napster na Gnutella, mitandao ya kubadilishana mafaili, ambako walikuta baadhi ya watumiaji wanatangaza intaneti ya kasi ndogo kuliko waliyo nayo. Sababu inaeleweka: mwenye laini ya kasi ndiye anayekimbiliwa na kila mtu.

Kwa hiyo nguvu ya kompyuta ipimwe kwa kazi iliyorudishwa na kuhakikiwa, basi. Makundi ya wachimbaji wa Bitcoin yanafanya hivyo: hayaulizi mashine ya nani ina kasi gani, yanahesabu majibu ya fumbo inayoyaleta. Fumbo hilo lina bahati moja, ni gumu kulifumbua lakini jibu lake huhakikiwa papo hapo. Utafiti wa protini au nyota hauna bahati hiyo. Mara nyingi kazi moja hupewa kompyuta mbili ili majibu yalinganishwe, na nusu ya nguvu inaishia kwenye ukaguzi.

Ni gharama kubwa, lakini inapunguzika. BOINC inaruhusu mashine yenye rekodi ya majibu sahihi mfululizo ikaguliwe mara mojamoja tu. Ikikosea, rekodi inarudi sifuri na kazi zake zinaanza tena kupewa mwenzake.