Papa Anafuata Samaki Wako

Mtu akisukuma kayaki au mtumbwi kwenda kuvua alfajiri, swali la kwanza analoulizwa na ndugu wa bara, na mgeni wa hoteli, na siku hizi hata na vijana wa pwani wenyewe, ni hili: huogopi papa? Haulizwi kama amevaa jaketi la kuokolea. Haulizwi kama amesikiliza utabiri wa upepo, wala kama nyumbani wanajua atarudi saa ngapi. Papa ametangulia mbele ya maswali yote, na mimi nasema nafasi hiyo si yake. Nasema pia kwamba kumweka hapo kunaua watu.

Imani ninayoipinga ni kwamba kwa mtu anayevua kwenye chombo kidogo, peke yake, katikati ya maji, hatari kubwa kuliko zote ina meno.

Tuanze mahali ambapo papa hayumo. Ziwa Victoria lina maelfu ya wavuvi wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaotoka usiku kutafuta dagaa na sangara. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyataja ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika maji yale. Wanauawa na dhoruba zinazozuka ghafla gizani, na vyombo vilivyojazwa kupita kiasi, na mashine zinazozimika mbali na nchi kavu, na jaketi lililobaki nyumbani au ambalo halikununuliwa kabisa. Wachukue wavuvi hao hao, na mazoea hayo hayo, uwalete Bahari ya Hindi. Watakufa kwa sababu zile zile. Tofauti ni kwamba huku pwani tutampata wa kumsingizia.

Makumbusho ya Historia Asilia ya Florida, Marekani, hutunza kumbukumbu za watu walioumwa na papa duniani kote. Kwa mwaka 2024 yaliandika matukio 47 ya papa kumuuma mtu ambaye hakumchokoza, na waliokufa katika hayo walikuwa 4. Mwaka 2023 matukio yalikuwa 69 na vifo 10. Hiyo ni sayari nzima, pamoja na Australia na Florida ambako mamilioni ya watu huingia baharini. Sasa weka kando yake hesabu ya Shirika la Afya Duniani: mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji. Na utafiti uliotolewa mwaka 2022 na FISH Safety Foundation unakadiria kwamba zaidi ya watu 100,000 wanaofanya kazi ya uvuvi hupoteza maisha kila mwaka.

Najua jibu litakalokuja. Watasema takwimu za papa ni za nchi zenye simu, hospitali na magazeti, na kwamba mvuvi wa Kilwa au wa Lamu akiliwa hakuna anayemwandika. Ni hoja ya haki, na siikatai. Lakini mvuvi wa Kilwa aliyezama naye hakuandikwa. Familia yake ilingoja siku tatu, ikasoma hitima, mambo yakaishia hapo. Ukiongeza wasioandikwa upande mmoja, uongeze na upande wa pili, kisha utazame upi unaoelemea.

Hofu hii haikuzaliwa mwambao. Wazee wetu walimjua papa kwa kumvua, kumkausha na kumla. Papa wa chumvi alishuka Unguja na Mombasa na majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni, na hadi leo mchuzi wake wa nazi ni chakula cha heshima. Mafuta ya ini lake, sifa, ndiyo yaliyopakwa mbao za vyombo ili zisiliwe. Watu hao walimheshimu papa, na anayekiheshimu kitu hujifunza tabia zake. Lakini mwaka 1975 ilitoka filamu ya Jaws, ikaonyesha papa mwenye kinyongo anayemwinda binadamu kwa makusudi, na picha hiyo ikaenea hadi sebule zisizo na bahari. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu ile, alitumia miaka yake ya mwisho akitetea papa na kusikitikia alichokianzisha. Filamu yake bado inasikilizwa kuliko majuto yake.

Ubaya wa imani hii ni kwamba humpa mtu kisingizio. Mwambie kijana avae jaketi, atakujibu kwamba akianguka nje ya mwamba papa atamwahi, basi jaketi la nini. Hivyo kinga dhidi ya kinachoua kila wiki inatupwa kwa sababu ya kinachoua kwa nadra. Na kayaki inadai kinga hiyo kuliko ngalawa. Ngalawa ina mirengu inayoizuia isipinduke. Kayaki haina. Mvuvi akiinama kumpakia kolekole, wimbi la ubavuni likampiga, amekwisha kuingia majini, na kayaki tupu ni nyepesi sana: upepo wa kusi ukiishika inakimbia kuliko mtu anavyoogelea. Hapo ndipo watu wanapokufa, bila papa hata mmoja kuwa karibu. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya mwaka 2023 kuhusu ajali za vyombo vya starehe inasema robo tatu ya waliokufa walizama, na kati ya waliozama, 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. 

Sisemi papa hana madhara. Papa wa aina tatu hasa, yaani papa mweupe, papa chui na papa ng'ombe, wanaweza kumkata mtu mguu, na wawili wa mwisho wapo katika maji yetu. Mwezi Desemba 2013, kisiwani Maui huko Hawaii, mtu mmoja alikuwa anavua kwenye kayaki nje ya Makena, miguu yake ikining'inia majini. Papa aliuma mguu mmoja. Mwenzake aliyekuwa kwenye kayaki nyingine mamia ya mita mbali alipiga kasia hadi hapo, akajaribu kuizuia damu, boti ya watalii ikawachukua, lakini hakupona. Karibu miaka kumi baadaye, mwezi Mei 2023, nje ya Kualoa katika kisiwa cha Oahu, papa chui aliigonga kayaki ya mvuvi kwa kishindo mbele ya kamera yake. Mvuvi alimsukuma kwa mguu, papa akaondoka, na baadaye mvuvi akamwona sili aliyejeruhiwa akielea jirani. Alifahamu kwamba papa alikuwa katikati ya windo lake, na kayaki ilikuwa imekatiza njia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema hatari ya papa ni bahati tu, kama radi. Kwa muogaji, labda. Kwa mvuvi wa kayaki si bahati. Yeye ndiye anayemwita.

Tazama papa anavyowinda. Papa hasikii tone la damu kutoka maili moja, kama inavyosemwa vijiweni. Harufu husafiri na mkondo, na aliye upande mkondo unakotoka hapati kitu. Vile vitundu vya usoni mwake alivyovieleza Mtaliano Stefano Lorenzini mwaka 1678, vinavyotambua umeme hafifu wa misuli ya kiumbe hai, hufanya kazi karibu sana, hatua moja au chini ya hapo. Kinachomfikia kwa mbali ni mtikisiko. Samaki anayepapatika kwenye ndoana hutoa mitetemo mizito ya chini, ile ile ya samaki mgonjwa au aliyejeruhiwa, na kwa papa huo ni mwaliko wa chakula. Kila mvuvi wa mshipi anajua haya: unavuta nguru mzito, mara mshipi unalegea, na unachokitoa ni kichwa peke yake. Papa huyo hakuwa na habari nawe. Alimfuata samaki wako. Tatizo ni kwamba wewe umekaa nusu mita kutoka kwa samaki huyo, makalio yako yakiwa usawa wa maji, na pengine umemning'iniza mwingine kwenye mtungo ubavuni, akivuja damu karibu na goti lako.

Basi usalama wa kweli uko katika namna unavyomshughulikia samaki, na haya hayahitaji ushujaa. Usifunge mtungo kando ya kayaki. Samaki aingie kwenye mfuko uliofungwa au sanduku, ndani ya chombo. Usimpasue huko huko na kutupa matumbo mahali ulipotia nanga, mpasue ukirudi. Miguu na mikono ikae ndani. Papa akimshika samaki uliyemnasa, kata mshipi. Hapa napenda kusisitiza, kwa sababu ndipo tamaa inapowashinda wengi: nguru wa kilo nane ni fedha ya wiki nzima, na mtu anang'ang'ana kumvuta hadi papa anafika ubavuni naye. Kata. Na papa mwenyewe akinaswa kwenye ndoana, usijaribu kumpakia wala kumtoa ndoana kwa mkono, kwa kuwa wavuvi wengi wanaoumwa na papa huumwa wakati wanamshika, na kumbukumbu za Florida huyaweka matukio hayo katika fungu la papa aliyechokozwa.

Maji machafu ya midomo ya mito, kama pale Sabaki unapomwagika kaskazini ya Malindi, au maeneo ya delta ya Rufiji, si mahali pa kuweka kayaki jua linapozama. Papa ng'ombe huyapenda maji hayo na hupanda hadi kwenye maji baridi. Ukimwona papa anakuzunguka, nyanyua mishipi, kaa chini, mtazame, piga kasia bila pupa kuelekea pwani. Hapo kayaki ndiyo ngome yako, usiruke.

Kisha kuna kitu kimoja ambacho karibu hakimo katika chombo chochote cha mwambao: mkanda wa kufunga kiungo kinachovuja damu. Anayeumwa na papa kwa kawaida hafi kwa kuliwa. Hufa kwa damu kumwishia, ndani ya dakika chache. Mkanda uliofungwa juu ya jeraha, ukakazwa kwa kijiti hadi damu isimame, na mwenzako anayejua kuukaza, ndiyo hospitali pekee iliyoko maili tatu baharini. Mkanda huo huo utamfaa aliyekatwa na panga la mashine, na hao ni wengi zaidi.

Vifaa vya kufukuza papa vinauzwa kwa fedha nyingi na vingi havifanyi kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walivipima vitano mbele ya papa weupe. Kimoja tu, cha umeme, ndicho kilichopunguza kwa kiasi cha kuonekana mara ambazo papa alichukua chambo, na hata hicho hakikumzuia kila mara. Bangili za sumaku hazikusaidia. Mwenye fedha ya bangili anunue jaketi na filimbi, na kamba ya kufungia kasia ili lisimkimbie.

Linalonikera zaidi ni wito unaofuata kila tukio: waueni. Afrika Kusini walitega nyavu Durban mwaka 1952. Nyavu hizo hazifungi ufuo. Papa hupita juu yake, chini yake na pembeni, na baadhi hunaswa wakitokea upande wa pwani, yaani walishapita. Ni kweli matukio ya watu kuumwa yalipungua, kwa sababu papa wenyewe walipungua, na pamoja nao walikufa pomboo, kasa na taa. Na mvuvi wa kayaki wa KwaZulu-Natal huvua nje ya nyavu hizo, kwa hiyo hazimlindi hata kidogo. Huku kwetu jarife, wavu mkubwa wa kutega, hufanya kazi hiyo hiyo bila kuitwa kinga, na huua nguva waliobaki wachache mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Papa wengi huchelewa kukomaa na huzaa wachache. Waliopotea hawarudi msimu ujao kama dagaa.

Anayetaka bahari salama na atazame tunachoitupia. Mogadishu, machinjio yaliyojengwa karibu na bahari yalimwaga damu na matumbo majini, papa wakazoea kusogea, na katika miaka ya 1980 waogaji wa ufuo wa Lido waliumwa na kufa. Recife, Brazil, matukio yalianza kuongezeka mwaka 1992, na watafiti wameyahusisha na ujenzi wa bandari ya Suape ulioharibu midomo ya mito. Papa hakubadilika tabia. Watu ndio waliobadilisha mahali chakula kinapopatikana.

Na sisi tunafanya hivyo kila asubuhi. Katika madiko mengi samaki hupasuliwa maji yanapoishia, matumbo yakarushwa majini, na hatua chache kutoka hapo watoto wanaogelea na kayaki za kukodi zinaingizwa baharini. Kabla kiongozi yeyote wa kijiji, wa kikundi cha kusimamia uvuvi (BMU) au wa wilaya hajasimama kudai papa wawindwe, aeleze kwanza matumbo ya diko lake yanakwenda wapi. Shimo la taka za samaki juu ya alama ya maji ya bamvua huchimbwa na vijana wanne kwa majembe, na linaweza kuanza kuchimbwa Jumamosi hii.