Bunduki mpya za zamani: Biashara ya nakala Marekani na neno lililonikosesha kibarua

Hapa Nairobi, bunduki ya vita vya zamani unayoweza kuisogelea bila mtu kukuitisha kitambulisho ni ile ya sanamu. Ziko Kenyatta Avenue, mikononi mwa askari wa ule mnara wa mwaka 1928 ambao watu hupita kila siku bila kuutazama. Nyingine iko mkononi mwa Dedan Kimathi, pale kwenye barabara yenye jina lake. Bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Watalii hupiga picha, nasi tunakimbilia matatu.

Mimi nimeandika kuhusu bunduki za vita zaidi ya 40 na sijawahi kushika hata moja. Usicheke. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, na kama vijana wengi wa rika langu nikaingia kwa kazi za uandishi mtandaoni. Nimeandikia watu kuhusu magodoro, chakula cha mbwa, dawa za kunyoosha nywele. Mwaka jana nikapata mteja Marekani, mwenye duka la vitu vya wakusanyaji wa kumbukumbu za vita. Dola 4 kwa kila maelezo ya bidhaa. Yeye anatuma picha na vipimo, mimi naandika maneno 150 ya kumfanya mtu atoe kadi ya benki.

Nilidhani nitaandika kuhusu vyuma vilivyotua Normandy mwaka 1944. Kumbe nusu ya bidhaa zake zilitoka kiwandani juzi. Ni bunduki mpya kabisa, zimetengenezwa zifanane na zile za babu: mbao zilezile, mkanda uleule, hata mafuta ya kupaka yananuka vilevile, ati. Wenyewe wanaziita nakala. Na watu wananunua kweli, kwa zaidi ya dola 1,000 kipande. Mara ya kwanza nilijiuliza swali ambalo hata wewe unajiuliza sasa: kama unataka historia, mbona usinunue yenye historia?

Jibu la kwanza ni kwamba ya kale haizalishwi tena. Chukua ile inayoitwa M1 Carbine, bunduki nyepesi ambayo Marekani iliwapa madereva, wapishi na maafisa wake kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, na si na viwanda vya silaha pekee. IBM ilitengeneza. Underwood, waliokuwa wakiunda taipureta, walitengeneza. Rock-Ola wa Chicago, watu wa zile mashine za kuchezea santuri baa kwa kutumbukiza sarafu, walitengeneza 228,500. Leo mkusanyaji akiona jina Rock-Ola limechongwa juu ya chuma, mkono unatetemeka, kwa sababu ni chache kuliko za wenzake na jina lenyewe lina raha yake. Bunduki ni ileile na risasi ni ileile, ila bei inapanda kwa sababu ya maandishi ya ukubwa wa ukucha. Lishike hilo jambo la maandishi, nitalirudia.

Milioni 6 ni nyingi, lakini nyingi ya hizo zilitawanywa duniani kama msaada wa kijeshi. Korea Kusini ilipewa mzigo mkubwa. Seoul ilipoamua kuziuza kwa wakusanyaji wa Marekani, makumi ya maelfu ya M1 Garand na laki kadhaa za Carbine, serikali ya Obama ikazuia mwaka 2010. Agosti 2013 ikafunga mlango kabisa: silaha za kijeshi ambazo Marekani ilizigawa kwa nchi nyingine hazitaruhusiwa kurudishwa na wafanyabiashara binafsi, isipokuwa chache kama za makumbusho. Ikulu ilisema inaziondoa barabarani. Wakusanyaji wakauliza ni mwizi gani wa Chicago anayebeba bunduki ndefu ya mwaka 1943. Binafsi naona kila upande ulikuwa na hoja, ila matokeo hayakuhitaji hoja. Mlango wa bidhaa ukifungwa na wanunuzi wakabaki palepale, bei inapanda. Yeyote aliyewahi kungoja sukari ishuke bei nchini hii anaelewa.

Garand zimepata afueni kidogo, kwa sababu zile zilizokopeshwa Ufilipino na Uturuki zilibaki mali ya jeshi la Marekani, zikarudishwa na kuuzwa kwa raia kupitia shirika la CMP. Carbine hazikuwa na bahati hiyo. Ndipo viwanda vya nakala vikapata soko.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo nilipokuwa nakesha nikisoma badala ya kuandika. Tangu mwaka 1986 raia wa Marekani hawezi kununua rashasha iliyotengenezwa na kusajiliwa baada ya Mei mwaka huo. Zilizokuwepo kabla ya hapo ndizo hizohizo, haziongezeki. Kwa hiyo Thompson halisi, ile ya filamu za majambazi wenye kofia, inauzwa makumi ya maelfu ya dola. Mtu wa kawaida anabaki na nakala inayofyatua risasi moja kila anapobonyeza. Lakini sheria nyingine inataka mtutu wa bunduki ya begani usipungue inchi 16, ilhali mtutu wa Thompson ya vita ulikuwa kama inchi 10 na nusu. Ndiyo maana nakala ina mtutu unaochomoza mbele kama pua ya Pinocchio. Niliandika maelezo yake mara tatu nikijaribu kuufanya uonekane wa kuvutia. Haiwezekani.

Kinyume chake ni kwa bunduki za baruti. Sheria ya mwaka 1968 inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kale tu, si bunduki machoni pa serikali kuu. Na nakala yake pia, mradi isitumie risasi za kisasa. Maana yake gobori jipya la gumegume, lililoundwa mwezi jana, linaweza kuagizwa kwa posta kama viatu, labda jimbo liwe na masharti yake. Waitaliano waliliona hilo soko mapema. Kwenye bonde la Val Trompia, kaskazini mwa Italia, kuna mji wa Gardone ambako watu wamefua silaha kwa karne nyingi. Kampuni ya Pedersoli ilianza mwaka 1957, Uberti mwaka 1959, wakati Wamarekani wanajiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Watu walitaka kuigiza mapigano na hawakutaka kuvunja bunduki ya babu uwanjani. Bastola nyingi unazoziona kwenye filamu za makauboi zimetoka hapo. Texas imevaa chuma cha Italia miaka yote hii.

Sasa utaniuliza, hizi habari za wazungu na vyuma vyao zinatuhusu nini sisi ambao Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haituruhusu kuwa na chochote bila cheti? Kwanza, sheria hiyohiyo inaitambua bunduki ya mfano. Ukitumia kitu chenye sura ya bunduki kutenda kosa au kukataa kukamatwa, haikusaidii kusema hakifyatui. Na kabla hujafika kortini kuna polisi usiku, kilabu kimefungwa, wewe una kitu cheusi mkononi. Kila mara tunasoma kwamba mshukiwa fulani alipatikana na “bastola bandia”, na mara nyingi habari hiyo inaandikwa akiwa tayari mochari. Huyo Mmarekani akinunua nakala anaitundika juu ya meko. Mtaani kwetu nakala ni hukumu ya kifo yenye bei nafuu.

Pili, hata sisi tuna historia ya kunakili, ila hatujaipa heshima. Wapiganaji wa Mau Mau msituni walikuwa na bunduki chache za kuteka, na nyingine walizifua wenyewe. Bomba la maji likawa mtutu. Komeo la mlango likawa kifyatulio. Mpira wa tyubu ya baiskeli ukafanya kazi ya springi. Kitako kilichongwa kwa mti, kikanyooshwa kifanane na cha Lee-Enfield ya Mwingereza, kwa sababu hata sura ya bunduki ilikuwa silaha: ukimwona mtu ameibeba kwa mbali giza likiingia, huwezi kujua ni bomba. Baadhi ya hizo leo ziko kwenye makumbusho Uingereza. Sisi huku, Novemba 2016, serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 kule Ngong na Naibu Rais William Ruto akawasha moto. Siungi mkono silaha mitaani, nimezika rafiki. Lakini nilipotazama zile picha nilijiuliza kama kuna mtu wa makumbusho aliyepitia lile rundo kwanza.

Turudi kwa maandishi. Ukishazoea biashara hii unagundua kwamba vita vyake vikubwa ni vya majina. Springfield Armory ilikuwa karakana ya serikali kule Massachusetts, na ndiyo iliyounda Garand nyingi. Ilifungwa mwaka 1968. Miaka michache baadaye kampuni binafsi ya Illinois ikalichukua jina hilo, na linauza hadi leo. Si kosa kisheria. Lakini kijana anayeanza kukusanya akisoma “Springfield Armory” juu ya chuma, anaweza kudhani ameokota almasi. Inland nayo ilikuwa kitengo cha General Motors, na ndicho kilichotengeneza Carbine nyingi kuliko wote vitani. Leo kuna Inland mpya, kampuni nyingine kabisa, inayotengeneza nakala za Carbine hiyohiyo. Hawa nawapa heko. Walichonga chapa yao upande wa chini wa mtutu na wa mwili wa bunduki, mahali ambapo nakala inajitaja yenyewe hata ikibadilisha wenyewe mara kumi.

Upande wa pili wa barabara kuna Darra Adam Khel, mji wa Pakistan karibu na Peshawar, ambako mafundi wanaweza kukufulia bunduki yoyote kwa tupa na nyundo. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afghanistan walinunua Martini-Henry sokoni wakiamini ni za Waingereza wa karne ya 19, wakazibeba nyumbani kama kumbukumbu. Wajuzi wakazigeuza wakaanza kucheka: herufi N imechongwa kinyume, au kuna alama ya Malkia Victoria kando ya mwaka ambao malkia mwenyewe alikuwa ameshakufa. Alifariki 1901. Yule fundi hajui Kiingereza, ananakili michoro tu. Kwa ufundi wa mkono, namvulia kofia. Ila kile chuma kimeuzwa kwa uongo, na kinaweza kukupasukia usoni ukikitilia risasi.

Kwa hiyo tofauti ya nakala na ghushi haiko kwenye chuma. Chuma kinaweza kuwa kizuri pande zote mbili. Iko kwenye nani amesema nini, na wapi ameandika. Na mara nyingi anayeandika ni mtu kama mimi, Kasarani, saa tisa usiku, stima ikitishia kupotea.

Mwezi Machi mteja wangu alinitumia picha za Carbine. Nikafanya kazi yangu: nikaweka neno nakala kwenye kichwa, nikataja ni mpya, nikaeleza chapa iko upande gani. Akanirudishia. Kwa upole kabisa, wale watu hawapayuki. Akasema neno nakala “linapunguza mibofyo”, niliondoe kichwani. Nikaliondoa, nikalipeleka sentensi ya kwanza. Akasema liende chini. Nikalipeleka chini. Akasema, kwani lazima? Mnunuzi si akitaka kujua atauliza?

Nilikaa na hiyo meseji siku nzima. Kodi ilikuwa imepita siku nne, na mwenye nyumba wetu si mtu wa kumwambia habari za Malkia Victoria. Kuna mjomba wangu huuza vipuri Kirinyaga Road, nikampigia nikamweleza. Akaniambia, “Kijana, mimi mteja akiuliza kama ni orijino namwambia ukweli. Asipouliza, namwambia bei.” Nilicheka, lakini nikaona kwamba mnunuzi wa vipuri akidanganywa atarudi kesho na gari lake linatoa moshi. Mnunuzi wa Carbine atagundua baada ya miaka 20, au mtoto wake atagundua akienda kuuza urithi.

Nikamjibu mteja kwamba neno libaki popote anapotaka, lakini libaki. Hakujibu. Baada ya siku tatu nikachungulia ukurasa. Maelezo yalikuwa yangu, koma zangu zote zipo, bila lile neno na bila sentensi ya chapa. Picha zilikuwa saba, zote zimepigwa kwa juu. Wiki iliyofuata pakaandikwa “imeuzwa”.

Dola 24 za maelezo sita ya mwisho bado ziko kwake. Siku hizi naandika kuhusu magodoro tena.