Kubatizwa kwa ajili ya harusi: wazee wetu wa makanisa, tusaidieni

Leo naongelea jambo ambalo sisi watu wa Nyanza-Lac tunalisema sana chini chini, ila mbele za watu tunanyamaza. Ni ndoa kati ya Mkatoliki na Mlokole, na hasa lile sharti kwamba mmoja lazima abatizwe upya kwanza ndo harusi ifungwe.

Naweka msimamo wangu mapema. Sisemi kwamba makanisa yetu yanaamini kitu kimoja. Yanatofautiana, na tofauti zenyewe ni za kweli. Mtu mzima akiamini moyoni kwamba anatakiwa kubatizwa tena, aende, ni haki yake. Lakini kumbatiza kijana ili apewe mke, au msichana ili akubaliwe na wakwe, mimi naona ni kosa. Halimjengi yeye wala kanisa, na matokeo yake tunayaona sisi watu wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba kambini.

Kwanza tuelewe wanabishania nini, maana wengi wetu tunatukanana bila kujua mwenzako anafundishwa nini.

Wakatoliki wanabatiza mtoto akiwa mchanga. Kwao ubatizo ni zawadi ya Mungu, mtoto anaipokea kwa imani ya wazazi na ya Kanisa, na akikua anaimarishwa kwa kipaimara. Unafanyika mara moja tu maisha yote. Na hapa kuna jambo ambalo hata Wakatoliki wengi hawalijui: Kanisa lao linakubali ubatizo wa makanisa mengine ukiwa umefanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mpentekoste aliyebatizwa hivyo akihamia kwa Wakatoliki, habatizwi tena. Anafundishwa, anakiri imani, anapokelewa.

Wapentekoste na Wabaptisti wanasema mtoto mchanga hawezi kutubu wala kuamini, kwa hiyo yale maji ya utotoni hayakuwa ubatizo. Ndiyo maana ukimwambia Mlokole "mnabatiza mara ya pili" anakasirika. Kwake yeye hiyo ndiyo mara ya kwanza. Tena ni kuzamishwa mwili mzima. Kwetu mnajua ni ziwani: watu wamevaa meupe wamejipanga ufukweni, kwaya inaimba, na wavuvi wa ndagala wanasimamisha kazi kidogo kuangalia.

Na tusiseme "Waprotestanti" kana kwamba ni kanisa moja. Waanglikana wanabatiza watoto wachanga, Walutheri vilevile. Mkatoliki akihamia kwao hakuna atakayemwambia maji ya kwanza yalikuwa bure. Ugomvi wa maji hasa ni kati ya Wakatoliki na makanisa ya kuokoka, na hao wawili ndio majirani wakubwa kwetu.

Ubishi wenyewe si wa jana, na umewahi kuwaka hapa hapa Afrika. Mwaka 256 Sipriani, askofu wa Karthago katika nchi inayoitwa leo Tunisia, alikaa na maaskofu wenzake wa Afrika wakasema watu waliobatizwa na makundi yaliyojitenga lazima wabatizwe upya. Stefano, askofu wa Roma, alikataa kabisa. Walifikia karibu kuvunja ushirika. Baadaye Kanisa lilifuata msimamo wa Stefano. Lakini Sipriani, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 258, anaheshimiwa na Wakatoliki mpaka leo kama mtakatifu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa upande mwingine wa hoja hii na bado akahesabiwa mtu wa Mungu. Sisi kwenye vibanda vyetu tunashindwa hata kusalimiana.

Sasa tuje kwenye ndoa.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, vifungu vya 1124 na 1125, inasema Mkatoliki anayetaka kuoana na mtu aliyebatizwa kwenye kanisa lingine anahitaji ruhusa ya wakuu wa Kanisa. Huyo Mkatoliki anaahidi kulinda imani yake na kufanya analoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anajulishwa ahadi hiyo. Basi. Yule mwingine halazimishwi kubadili kanisa. Nimeuliza vijana wengi Wakatoliki kama waliwahi kusikia habari hii, na wengi wanashangaa. Wanaambiwa tu kwao "mlete huyo binti kwa katekista, asome, abadili."

Upande wa Walokole, mara nyingi wazee wanasimamia Wakorintho wa Pili sura ya 6, pale Paulo anapokataza kufungwa nira moja na wasioamini. Kijana akioa nje ya kanisa anasimamishwa kwaya, hashiriki meza ya Bwana, wakati mwingine anatengwa. Swali langu ni moja na naliuliza kwa heshima: Mkatoliki aliyebatizwa, anayesali, anayemkiri Yesu ni Bwana, ndiye huyo "asiyeamini"? Kama jibu ni ndiyo, basi tuambiwe wazi. Kama jibu ni hapana, andiko hilo halimhusu.

Nawapa mfano mmoja, sitaji mtu wala kanisa. Dada mmoja ninayemfahamu, mtoto wa Wakatoliki, aliposwa na kijana wa kanisa la kuokoka. Wazee wa kanisa wakasema hakuna harusi bila maji mengi. Akaingia darasa la ubatizo wiki chache, akazamishwa, mwezi uliofuata akaolewa kwa shangwe. Kwao hakuja mtu isipokuwa mjomba mmoja. Akajifungua mtoto wa kwanza. Mama yake mzazi akaja kumwogesha mtoto, na siku moja wakamchukua mtoto wakaenda kumbatiza kwa padri, bwana hayupo. Mume aliposikia, ikawa vita. Kanisa lake likamsimamisha kwa kushindwa kutawala nyumba yake. Leo wanaishi mbalimbali. Kadi ya posho ina jina la mwanaume, na mama ana mtoto mgongoni anazunguka ofisini kuomba atenganishwe.

Mnaona pale? Yale maji ya harusi hayakumaliza tofauti. Yaliisogeza mbele tu mpaka siku ya mtoto wa kwanza. Yule dada hakuwahi kuacha imani ya mama yake. Alibatizwa ili aolewe, na kila mtu kwenye lile darasa alijua hivyo, pamoja na mchungaji.

Wengine hawafiki hata hapo. Wanaona masharti ya pande zote ni magumu, wanachukuana tu, wanaishi. Kwetu Burundi hili tunalijua vizuri. Mwaka 2017 serikali ya Rais Nkurunziza ilitoa amri kwamba watu wote wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kuisha, na ofisi za komini zikaandikisha watu kwa wingi. Sababu za kuishi bila ndoa ni nyingi, mahari na umaskini zikiwemo. Lakini ugomvi wa makanisa nao umo. Halafu hao waliochukuana, Mkatoliki hapokei komunyo na Mlokole yuko chini ya adhabu. Yaani makanisa mawili yanagombania vijana wawili, na mwisho wote wawili wanakosa meza.

Kambini jambo hili linaongezeka, na sababu yake ni rahisi. Nyumbani kila mlima ulikuwa na kanisa lake kubwa na watu wanaoana humo humo. Wale waliokimbia mwaka 1972 wakarudi kutoka Mishamo, Katumba na Ulyankulu walikuja na makanisa waliyozoea huko, ndo Nyanza-Lac ikaanza kuchanganyika zaidi. Kisha ikaja 2015. Tulipobanana Kagunga mwezi wa tano, maelfu ya watu kwenye kijiji kidogo cha wavuvi, kipindupindu kikiua watu, tukisubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma, nani aliuliza jirani yake kabatizwa wapi? Na kambini nyumba zimepangwa kwa kanda na namba, si kwa dini. Vijana wanakua pamoja, wanasoma pamoja, wanachota maji bomba moja. Mnategemea wasipendane?

Wazee wengine wanasema uadui huu ni wa asili, hauna dawa. Historia ya ziwa letu inaonyesha vingine. Wamisionari Waprotestanti wa London walifika Ujiji mwaka 1878. Mapadri Weupe wakafika Januari 1879, wakawakuta wametangulia, na mwaka huo huo wakaenda kufungua misheni Rumonge. Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop wakauawa hapo Rumonge na misheni ikafungwa. Wapentekoste walikuja miaka ya 1930 kutoka Sweden. Kila kundi lilileta Injili, na kila kundi lilileta pia ugomvi wa kwao Ulaya.

Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo, kwa amri ya mfalme mmoja na kwa kosa moja. Miaka sita haikupita, Januari 1892, waumini wa makanisa hayo mawili wakapigana kwa bunduki Mengo. Damu waliyomwaga pamoja haikuwazuia.

Lakini huko Ulaya ugomvi ulikotoka, wameshakaa mezani. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg nchini Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walisaini tamko la pamoja kuhusu namna mtu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, jambo lile lile lililowatenga tangu wakati wa Luther. Wapentekoste hawamo kwenye tamko hilo na halikumaliza kila kitu. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba watu wanaweza kukaa, wakaandika wanapokubaliana na wanapotofautiana, bila mtu kumvizia mtoto wa mwenzake.

Basi naomba nini?

Wachungaji wetu, tenganisheni darasa la ubatizo na harusi. Mtu akija kuomba ubatizo akiwa na mchumba ndani ya kanisa lenu, mwambieni asubiri, aoe au aolewe kwanza, na baada ya mwaka mmoja kama bado anataka, mbatizeni kwa furaha. Hapo mtajua ameamini. Kama hamuwezi kubariki ndoa ya hivyo, angalau msimsimamishe kijana wenu kwa kuifunga komini. Sheria ya nchi inaitambua.

Mapadri na makatekista wetu, semeni hadharani kwamba ruhusa ya ndoa ya mchanganyiko ipo. Msingoje mpaka binti awe na mimba ndo mueleze. Na mama zetu Wakatoliki, kumbatiza mjukuu kwa siri nyuma ya baba yake si kulinda imani, ni kuvunja nyumba.

Vijana wenzangu, kabla ya kupeleka wazee kuposa, kaeni chini muulizane: tutasali wapi, watoto watabatizwa lini na kwa nani, mmoja akifa atazikwa na kanisa gani. Mtu ataniambia nyumba yenye makanisa mawili haisimami. Inawezekana, na sitawadanganya kwamba ni rahisi. Suala la watoto ni gumu, maana Mkatoliki ameahidi kitu na Mlokole anaamini tofauti, na mmoja lazima alegeze. Mkishindwa kukubaliana, heri muachane mkiwa wachumba, hakuna aibu. Aibu ni kukubali kwa mdomo halafu kuanza vita mtoto akizaliwa.

Na sisi tunaovaa vesti za mashirika: mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wa mwaka 1994 unakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa dini au siasa. Ukigawa sabuni usigawe na mahubiri, na usimcheleweshe mtu kwa sababu ya rozari yake shingoni. Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, mnapoandika "mgogoro wa familia" kwenye fomu, ulizeni taratibu kama kuna kanisa ndani yake. Hamtakuwa mahakimu wa mafundisho, hiyo si kazi yenu. Lakini mtajua ni nani wa kumwita, padri na mchungaji wakae pamoja na hao wawili, kabla mama hajaanza kuzunguka na mtoto kuomba kadi yake.

Mimi nimelelewa Mkatoliki na mama yangu mdogo ni Mlokole wa siku nyingi. Tukikutana tunabishana kuhusu Bikira Maria mpaka chai inapoa, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Kubishana hivyo sioni ubaya wake. Ninachopinga ni kumwekea mtu mchumba wake upande wa pili wa maji, kisha kumuuliza kama anaamini.

Karibuni kwa maoni, hasa nyie mlio kwenye ndoa za namna hii. Na wachungaji, mapadri, kama nimeeleza vibaya fundisho lenu, nirekebisheni hapa hapa mbele ya wote.