Habari ya Kweli Imfikie Msukaji wa Mikeka

Msukaji wa mikeka wa Kilosa, au mchonga vinyago anayewauzia watalii Mikumi, akitapeliwa kwa ujumbe wa simu unaoahidi mkopo mradi atume kwanza "ada ya usajili", tusikimbilie kumwita mjinga. Uzushi hupata nafasi pale ambapo habari ya kweli haijafika.

Na ukweli upo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wa kuulizwa ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, si namba ngeni ya simu. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa TCRA kupitia 15040.

Ni waamini wangapi wameyasikia haya kwetu? Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni 2018, Papa Francisko alikemea habari za uongo, akikumbusha kwamba kweli humweka mtu huru. Basi, waseminari wenzangu, tunapokwenda kusali na jumuiya ndogo ndogo, twende na taarifa hizi. Tangazo la dakika mbili baada ya sala laweza kuokoa mtaji wa mwaka mzima.