JANI MOJA LINATOSHA KUPEWA JINA?

Wenzetu wengine wanacheka wakisikia kama mtu wa sayansi alipata majani tu ndani ya jiwe, akayapa jina la Kilatini. Wanasema: « Hajaona shina, hajaona maua wala mbegu. Anadanganya! » Sisi hatukubali, na tutaeleza juu ya nini.

Kwanza, musifikiri kama jina linatolewa ovyo. Jani linapimwa urefu na upana. Wanaangalia ncha yake, wanaangalia kando zake kama ziko laini ao ziko na meno. Zaidi wanafuata mishipa: inatoka wapi, inapinda namna gani, inaungana kama wavu ao hapana. Kisha wanalinganisha na majani yaliyokwisha kuandikwa. Likiwa tofauti kweli, wanaandika maelezo, wanatoa picha, na jiwe moja linachaguliwa kuwa shahidi wa jina.

Tutwae mfano. Mwaka wa 1828 Mfaransa Adolphe Brongniart aliandika juu ya Glossopteris browniana, jani lenye umbo la ulimi. Aliliweka katika jamii ya fujeri, mimea isiyo na maua wala mbegu. Lakini mwaka wa 1952 Edna Plumstead, wa Afrika ya Kusini, alionyesha viungo vya uzazi vikiwa vimeshikamana na majani ya namna hiyo. Leo tunajua kama ilikuwa miti ya mbegu. Je, jina lilikufa? Hapana! Lilikuwa jina la jani, na jani halikugeuka.

Mambo haya si ya inchi za mbali tu. Majani ya Glossopteris yako pia katika mawe ya Lukuga, karibu na Kalemie, kule kwenye makaa ya mawe. Mwaka wa 1960 Høeg na Bose walitoa maandishi marefu juu ya mimea hiyo ya Kongo.

Kwa hiyo sisi tunasema: hatari si jani kuwa peke yake. Hatari ni jiwe kupotea. Maelezo yanaweza kukosea, lakini jiwe likiwapo, mwingine atarudi kulitazama na kusahihisha. Ndiyo maana, kwa majina mapya tangu mwaka wa 1990, sheria inadai kutaja nyumba ambamo jiwe-shahidi linalindwa.

Ndugu wanafunzi, mukiona alama ya jani katika jiwe, musilivunje kwa mchezo. Andikeni lilitoka wapi, lifungeni katika karatasi, mulipeleke kwa mwalimu wa biolojia. Jina linaweza kungoja. Jiwe lililovunjwa halirudi tena.