Usipake Rangi Juu ya Ukuta Mgonjwa



Kupaka rangi nyumba kwa nje ni jambo jema. Ukuta safi hupendeza, nao humkumbusha mwenye nyumba kufagia uwanja wake. Lakini nina neno moja nanyi wakaaji wa Uvira na wa pwani yote ya ziwa letu: rangi ni vazi, si dawa. Usimvike mgonjwa nguo mpya badala ya kumponya.

Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabomoa nyumba na kuua watu. Mnakumbuka tena mwaka wa 2021 na wa 2024, ziwa lilipopanda hata likaingia katika nyumba za kando. Maji yalipoondoka yaliacha alama ukutani, na watu wengi waliionea haya. Baba mmoja aliifunika kwa rangi ya mafuta kabla ukuta haujakauka. Nyumba iling'aa, na majirani wakaisifu. Baada ya miezi michache rangi ilivimba kama malengelenge, ikabanduka, na nyuma ya kitanda cha watoto ukaota ukungu mweusi. Mtoto wake mwenye pumu akawa anakohoa usiku kucha. Mama yake aliniuliza, "Nyumba ni mpya, ugonjwa unatoka wapi?" Ulitoka ukutani.

Sababu ni hii. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi, yaliyopigwa lipu ya simenti kwa nje. Maji hupanda toka chini, na rangi ya mafuta huyazuia yasitoke. Basi udongo hulainika ndani, na siku moja ukuta waweza kuwaangukia waliolala.

Soma Mambo ya Walawi, sura ya 14. Kuhani alipoona pigo katika kuta za nyumba, hakuagiza zipakwe rangi. Aliifunga nyumba siku saba. Pigo likienea, mawe mabaya yaliondolewa, kuta zikakwanguliwa na kupigwa udongo mpya. Kwanza kuponya, ndipo kupamba. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, chimba mfereji wa kuondoa maji ya mvua mbali na nyumba, wala usirundike udongo chini ya ukuta.

Pili, ngoja kiangazi, Juni hata Agosti, ukuta ukauke kabisa.

Tatu, kwangua rangi iliyobanduka. Rangi nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi, nayo huharibu akili za watoto. Kwa hiyo ilowanishe kwanza ili vumbi lisiruke, weka watoto mbali, kusanya vipande vyote, kisha nawa mikono kabla ya kula.

Nne, ziba nyufa zote, nje na ndani. Papasi hujificha katika nyufa za kuta na sakafu, na usiku hutoka kuuma. Mganga Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa ya papasi, alikufa kwa homa hiyo kule Kasongo mwaka wa 1905.

Tano, paka chokaa. Bei yake ni ndogo, nayo huacha unyevu utoke. Lowanisha ukuta kidogo, upake asubuhi au jioni, nyembamba, mara mbili au tatu, kila safari ikauke kwanza. Lakini angalia! Chokaa mbichi ikitiwa majini huchemka na kuunguza. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kisha uje hospitali upesi.

Labda utasema, "Fedha yangu haitoshi kwa yote." Basi nakushauri waziwazi: kati ya rangi na choo, chagua choo. Kati ya rangi na maji safi ya kunywa, chagua maji. Kipindupindu tunakijua sana hapa Uvira, nacho hakitazami kama ukuta ni mweupe au ni wa udongo mtupu. Hakuna haya katika nyumba isiyo na rangi, ikiwa waliomo ni wazima.

Bwana Yesu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa: nje uzuri, ndani mifupa. Nyumba yako isiwe hivyo. Leo jioni, kabla ya kununua kopo la rangi, zunguka nyumba yako na uguse ukuta chini kwa kiganja. Ukiwa baridi na maji, anza kwa jembe, si kwa brashi.